Mwanafunzi wa elektroniki atengeneze bodi yake mwenyewe

Tangu Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, ilipoweka mkondo wa amali katika sekondari za Tanzania, kilio kikubwa kimekuwa cha vifaa. Karakana hazitoshi, mashine ni ghali. Kwa somo la elektroniki kilio hicho kina ukweli nusu tu. Kazi iliyo kiini cha fani hii, yaani kuitoa saketi kwenye mchoro na kuifanya bodi inayoshikika mkononi, inawezekana kwa printa ya leza, pasi ya nguo, karatasi ya jarida, kipande cha bodi yenye shaba na kemikali ya kula shaba. Naamini mtu hapaswi kupewa cheti cha elektroniki, awe amesoma chuo cha ufundi cha VETA nchini Tanzania, chuo cha ufundi nchini Kenya au chuo kikuu, kabla hajatengeneza bodi kwa njia hiyo, akaiharibu, na akaitengeneza upya.

Siri ya njia hii ni kwamba unga wa printa ya leza ni plastiki. Printa huuyeyusha kwa joto ili ushike kwenye karatasi, na ukipashwa moto tena huyeyuka tena na kushika kitu kingine. Mchoro huchapishwa ukiwa umegeuzwa kushoto kulia kwenye karatasi laini inayong'aa, ukalazwa juu ya shaba iliyosuguliwa hadi ikawa safi kabisa, kisha ukapigwa pasi yenye moto mkali kwa dakika kadhaa. Bodi ikishalowekwa, karatasi hulainika, na kidole gumba huisugua polepole hadi nyuzi zitoke na mistari myeusi ibaki. Hapo bodi hutumbukizwa katika feriki kloridi, maji ya kahawia iliyokolea, ambayo hula shaba yote isipokuwa ile iliyofunikwa na plastiki. Shaba yenyewe kwa kawaida ina unene wa maikromita 35 tu. Printa za wino wa maji hazifai kwa kazi hii, kwa sababu wino wake hauyeyuki kwa pasi wala hauizuii kemikali.

Thamani ya zoezi hili iko kwenye makosa yake, kwa kuwa karibu yote yanaonekana kwa macho. Mafuta ya kidole yakibaki kwenye shaba, plastiki haishiki, na pale palipoguswa mstari hukatika. Aliyesahau kugeuza mchoro hugundua kwamba miguu ya chipu (IC) imekaa kinyume. Aliyechora njia nyembamba za milimita 0.2 huziona zimelika ubavuni, na safari inayofuata atachora 0.5 bila kusukumwa na mwalimu. Ndivyo anavyoanza kujiuliza maswali ya mbunifu: kwa nini njia ya umeme mkuu iwe pana kuliko ya ishara? Mstari wa milimita 1 kwenye shaba ya unene huo hubeba takriban ampea 2 bila kupata joto la kutisha, na hesabu hiyo hukaa kichwani ukiwa umeshaiona shaba ilivyo nyembamba. Bodi rahisi inaweza kuchorwa asubuhi na kulehemiwa jioni. Kosa la leo linasahihishwa kesho, mwanafunzi angali anakumbuka kwa nini alichora vile.

Wapo watakaosema kwamba viwanda vya Shenzhen huuza bodi ndogo tano kwa dola chache, zenye matundu yaliyopakwa shaba ndani na rangi ya kijani juu, na kwamba mkono hauwezi kufikia ubora huo. Ni kweli, na anayetaka kuuza bidhaa aagize kiwandani. Lakini usafirishaji mara nyingi hushinda bei ya bodi zenyewe, na ule wa bei nafuu huchukua wiki kadhaa. Muhula wa miezi mitatu unamruhusu mwanafunzi kukosea mara moja, labda mbili. Mwalimu anayelijua hilo huogopa hasara na kugawa mchoro uliokwisha kuhakikiwa, na darasa zima hubaki linalehemu mawazo ya mtu mwingine.

Pingamizi zito zaidi ni la usalama. Feriki kloridi huunguza macho na kutia madoa yasiyotoka. Ikishakula shaba, ikimwagwa mtaroni, shaba hiyo ni sumu kwa samaki na viumbe wengine wa majini. Mchanganyiko wa asidi ya hidrokloriki na peroksidi ya hidrojeni, unaosifiwa kwa kasi yake, hutoa gesi ya klorini. Huo usiingie darasani kabisa. Miwani, glavu, chombo cha plastiki na madirisha wazi ni sharti. Kemikali iliyochoka huwekewa magadi soda kidogo kidogo hadi povu liishe, na tope linalotuama chini hukusanywa na kukabidhiwa kwa mwenye kibali cha kushughulikia taka hatarishi. Chuo kisichoweza kufanya haya kisiruhusiwe kuanza.

Kuhusu madai kwamba teknolojia hii imepitwa na wakati, ni kweli kwamba haitatengeneza bodi ya simu, na bodi ya pande mbili inadai uvumilivu, maana kila tundu linapitishiwa waya na kulehemiwa juu na chini. Hata hivyo fundi wa simu wa Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, anayeunga njia iliyokatika kwa uzi mwembamba wa shaba anatumia ujuzi uleule: kufuata mstari, kujua unatoka wapi na unapeleka nini. Na kwa anayetaka kuanza, programu ya KiCad ya kuchorea bodi ni ya bure, na chuo chenye kompyuta chache kinaweza kuanza nayo muhula huu. Mtihani wa vitendo nao ubadilike: mtahiniwa apewe mchoro wa saketi na siku nzima, na bodi isiyowaka ipate alama nzuri ikiwa mwenyewe ataweka kidole palipokosewa na kueleza kwa nini.