Kukataa ni Kazi

Kila mwaka Siku ya Mashujaa ikikaribia, ubishi mtandaoni ni uleule. Mmoja anaandika kwamba Mzungu hakutoka Kenya kwa maombi na barua, alitolewa na bunduki za kutengenezwa msituni. Mwingine anajibu kwamba ni amani iliyotuletea uhuru, wazee wetu wakavaa suti wakaenda London wakaongea vizuri. Wa kwanza anaitwa mchochezi, wa pili anaitwa kibaraka, na kufikia jioni tumerudi kwa mpira.

Mimi nasema wote wawili wanatuibia. Wanatuibia watu ambao hawakushika bunduki wala hawakupanda ndege. Waliambiwa wachimbe mitaro, wakakaa chini. Waliambiwa walete ng'ombe, wakaandamana nao moyoni hadi Nairobi. Hawa ndio wengi, na ndio ambao hawana sanamu.

Anza na jinsi utawala wenyewe ulivyofanya kazi. Chukua Kianjai yetu, hapa kwa barabara ya kutoka Meru kwenda Maua. DC alikaa Meru mjini, na Wazungu wa kumsaidia walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Sasa niambie: nani alikuwa anahesabu nyumba za watu Tigania ili kodi ilipwe? Chifu na vijana wake. Nani alichimba barabara? Nani alibeba mizigo, nani alitafsiri, nani alienda kumkamata jirani yake usiku? Kodi ya kibanda ilikuwa na kazi mbili. Ilijaza mfuko wa serikali, na ilimtoa mwanamume nyumbani akatafute shilingi, na shilingi zilikuwa kwa shamba la mlowezi. Kipande, kilichoanza kuvaliwa kati ya 1919 na 1920, kilining'inia shingoni ndani ya kijisanduku cha chuma, kikisema umeajiriwa na nani na kama ameruhusu uondoke.

Mashine nzima ilihitaji mikono yetu. Mtu mwenye silaha anaweza kukuua, lakini hawezi kukulimia kahawa yake kwa mikono yako ukiwa umeamua hapana. Hapo ndipo kukataa kuna nguvu. Kunamnyima mtawala kitu anachohitaji, awe na huruma au asiwe nayo.

Kuna wasee wakisikia habari hizi wanasema, "Aah, hayo ni mambo ya Gandhi." Kwani tulifundishwa kukataa na India? Mwaka wa 1913 Gandhi alikuwa bado Afrika Kusini, hajarudi kwao. Mwaka huohuo kule Giriama, Mekatilili wa Menza alikuwa anazunguka akiwaapisha wanawake na wanaume pale Kaya Fungo wasilipe kodi, wasitoe vijana wa kazi, wasiwatii vibaraka wa serikali. Walimkamata wakampeleka Kisii, upande mwingine kabisa wa nchi. Akatoroka akarudi kwao. Serikali ilimwogopa mwanamke asiye na mkuki, kwa sababu vibarua hawakuja.

Tazama na wengine. Mwaka wa 1921 walowezi waliamua kupunguza mishahara ya Waafrika kwa thuluthi moja, na kodi ilikuwa imepandishwa hadi shilingi 16. Harry Thuku akaanza kuwaambia watu warudishe vipande. Akakamatwa, na tarehe 16 Machi 1922 umati ukakusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi kudai aachiliwe. Muthoni Nyanjiru akawatia aibu wanaume waliotaka kurudi nyumbani. Polisi wakafyatua risasi. Serikali yenyewe ilihesabu maiti 21, na wengine walisema ni zaidi. Thuku alifukuzwa hadi Kismayu. Lakini kodi ilishushwa ikawa shilingi 12.

Mwaka wa 1938 ilikuwa zamu ya Wakamba. Serikali ilitaka kupunguza mifugo yao kwa nguvu, na kiwanda cha nyama cha Liebig kilikuwa kimefunguliwa Athi River kikingojea ng'ombe. Muindi Mbingu akaongoza watu zaidi ya elfu moja, wazee, akina mama na watoto, wakatembea hadi Nairobi wakapiga kambi wakisema wanataka Gavana. Hawakurusha jiwe. Walikaa tu. Muindi alihamishiwa Lamu, na mpango wa kuchukua ng'ombe kwa nguvu ukaachwa. Leo unapita barabara ya Muindi Mbingu pale City Market ukinunua maua na hujui ni nani.

Januari 1947, Mombasa ilisimama. Wafanyakazi wapatao 15,000, wa bandari, wa reli, wa mahoteli na wa majumbani, waligoma kwa siku kumi na mbili. Walikuwa wakikutana uwanjani, mahali walipopaita Kiwanja cha Maskini. Chege Kibachia alikamatwa miezi michache baadaye. Mishahara ikaongezwa. Mwaka uliofuata wanawake wa Murang'a wakakataa kuendelea na kazi ya lazima ya kuchimba matuta, wakaandamana hadi ofisi ya DC wakiimba. Mei 1950, Makhan Singh na Fred Kubai walipokamatwa, Nairobi nayo ikagoma. Makhan Singh aliwekwa kizuizini hadi 1961. Miaka kumi na moja, bila kumrushia mtu hata kofi.

Najua utaniuliza: na msitu je? Sisi watu wa Tigania hatuwezi kuudharau msitu. Musa Mwariama ni mtu wetu, na uhuru ulipofika 1963 alikuwa bado huko na watu wake. Sitaki kumpunguzia mtu yeyote heshima. Lakini tuangalie kalenda bila kudanganyana. Dedan Kimathi alikamatwa Oktoba 1956, akanyongwa Februari 1957. Watu 1,090 walinyongwa kwa jumla katika miaka ile. Kijeshi, Mwingereza alikuwa ameshinda. Alikuwa na ndege, vijiji vya lazima vyenye mitaro na seng'enge, na makumi ya maelfu ya watu kizuizini. Basi ilikuwaje mshindi akafungasha miaka sita baadaye?

Jibu moja linaanzia kwetu. Machi 1957 Waafrika walichagua wabunge wao kwa mara ya kwanza. Kwa Wakikuyu, Waembu na Wameru hukupiga kura bila cheti cha uaminifu, karatasi ya kuthibitisha kwamba wewe ni mtu wa serikali. Wameru wengi zaidi walikuwa nacho, na kiti cha Mkoa wa Kati kikaenda kwa Bernard Mate wa Meru, akimwangusha Eliud Mathu. Mpango ulikuwa safi: wape kura watiifu, utapata wabunge watiifu. Lakini Mate na wenzake saba, Odinga, Mboya, Muliro, Ngala, Oguda, Muimi na Moi, wakakataa kuchukua uwaziri waliotengewa. Yaani unapewa gari na ofisi, unasema hapana, katiba hii hatuitaki. Katiba ya Lyttelton ikafa mikononi mwa wenyewe. Walipoongezewa viti sita, wakakataa tena. Serikali ilikuwa na askari wa kutosha, ila ilikosa Mwafrika wa kukaa kwenye kiti cha maonyesho.

Jibu la pili liko kizuizini. Kambini, ikiwemo zile za Mwea, ambayo wakati huo ilikuwa wilaya ya Embu, neno kubwa lilikuwa kushirikiana. Aliyekiri kiapo na kushika jembe alisogezwa karibu na nyumbani. Aliyekataa alipigwa, au akapelekwa mbali zaidi. Mwisho wa hayo ulikuwa Hola. Tarehe 3 Machi 1959, watu walioambiwa wafanye kazi walikataa, na askari wakawapiga marungu mpaka kumi na mmoja wakafa. Serikali ikatangaza kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Maji! Uchunguzi ukaonyesha ni kipigo. Julai mambo yakafika Bunge la Uingereza, na hata Enoch Powell, mtu wa chama tawala ambaye hakuwa rafiki wa mtu mweusi, akasimama kuishutumu serikali ya chama chake. Januari 1960 mazungumzo ya Lancaster House yalikuwa yameanza.

Sisemi Hola peke yake ilileta uhuru. Bila msitu, watu wale wasingekuwa Hola. Ninachosema ni kwamba mtu mwenye bunduki alipigwa risasi na Uingereza ikalala usingizi, ila mtu aliyekataa kushika jembe alipouawa, uongo uliisha.

Sasa nije kwa jambo ambalo wapenda Gandhi hawapendi kulisikia, na ambalo lilitokea mlangoni petu. Aprili 1956, wazee wa Njuri Ncheke, ambao kao lao liko Nchiru, hapa karibu tu na Kianjai, walipiga marufuku tohara ya wasichana, DC akiwa nyuma yao. Wasichana hawakuulizwa. Wakakataa. Wakaanza kujitahiri wao kwa wao, na jina lao likawa Ngaitana, maana yake nitajitahiri mwenyewe. Katika miaka mitatu watu zaidi ya 2,400, wasichana, wazazi na wengine, walishtakiwa.

Baite, hapo utafanyaje? Ukeketaji ni ukatili, na mimi siwatungii sifa wembe wala aliyeushika. Lakini siwezi kujifanya kwamba huko hakukuwa kukataa. Kulikuwa kukataa kamili, kwa gharama ya damu yao wenyewe. Kunatufundisha mambo mawili. La kwanza, kukataa hakumfanyi mtu kuwa sahihi. Ni kama panga, linakata miraa na linakata mkono. Kwa hiyo lazima uulize unakataa nini, na nani ataumia. La pili, hata amri nzuri ikitoka kwa wanaume waliokaa na mkoloni, ikampita anayehusika, itakutana na ukaidi. Vita dhidi ya ukeketaji vingekuwa mbele zaidi leo kama mtu angekaa na wale wasichana kwanza.

Mbona nawarudisha huko kote? Kwa sababu ya Juni 2024. Gen Z walitoka na chupa ya maji, bendera na simu. Makumi waliuawa. Tarehe 26 Juni Rais akasema hatatia sahihi Mswada wa Fedha. Tukashangilia. Kufikia Desemba, baadhi ya kodi zilezile zilikuwa zimerudi kupitia sheria nyingine, na sisi tulikuwa tumechoka, tumezika, tumerudi kutafuta riziki. Wengi wakahitimisha kwamba amani haifanyi kazi.

Mimi nahitimisha kingine. Maandamano ni kusema, na kusema ni lazima. Lakini Mombasa 1947 haikusema tu, ilinyima. Watu walijua bandari inahitaji mabega yao, wakayaondoa pamoja, na walikuwa na kiwanja cha kukutana kila siku. Sisi tuliondoka barabarani bila kuamua ni kitu gani tunachokinyima.

Basi wanahitaji nini kwetu leo? Kwanza wanahitaji umati. Mkutano wa kisiasa bila vijana wa kubebwa kwa lori na kulipwa mia mbili ni kipaza sauti na vumbi. Wanahitaji wahuni wa kuvuruga maandamano ya wenzao, na hao hawatoki mwezini, wanatoka mtaani kwetu. Na wanahitaji sahihi. Katiba ya 2010 inasema wananchi washirikishwe. Neno ni lilelile la kambini, limeoga tu. Unaitwa ukumbini, kuna viti vya plastiki, kuna soda na nauli, kuna karatasi inazunguka. Unaandika jina, nambari ya kitambulisho, unatia sahihi. Hujasema kitu, huenda hata hukusikia mswada ukisomwa. Wiki ijayo ripoti inasema wananchi walishirikishwa na wakaunga mkono. Sahihi yako ndiyo imefanya kazi ambayo chifu aliifanya zamani.

Mtu ataniambia njaa haina siasa, na mia mbili ni chakula cha watoto. Ni kweli, na ndiyo maana waliogoma zamani hawakugoma mmojammoja. Anayekataa peke yake ni mkorofi, atakatwa kwenye orodha ya mbolea na ya basari. Waliokataa ishirini wa kijiji kimoja, wenye chama chao na akiba kidogo ya kumshika mwenzao aliyekatwa, hao ni tatizo la serikali. Hiyo chama unayochanga kila mwezi ya kununua viti na sufuria inaweza kubeba na hilo.

Kwa hivyo karatasi ikikufikia mara nyingine, soma kichwa chake kwanza. Kama imeandikwa tu kwamba ulihudhuria, andika na maoni yako kando ya jina. Kama imeandikwa kwamba ulikubali na hukukubali, rudisha kalamu, na mwambie aliye kando yako kwa nini umeirudisha. Soda unaweza kuiacha mezani.