Sumu Anayoachiwa Mtoto wa Bakteria

Juma hili tunaingia mahali padogo sana, ijapokuwa habari zake zinahusu kabati la dawa la kila nyumba. Tunakwenda ndani ya bakteria aitwaye Escherichia coli, ambaye huishi kwa mamilioni ndani ya matumbo yetu sote, mara nyingi bila ya kutudhuru.

Bakteria huyu ana uzi wa vinasaba, yaani DNA, wenye maagizo yote ya maisha yake. Uzi huo ukinyooshwa hufikia kiasi cha milimita moja na nusu, nao umekunjwa ndani ya mwili ulio mfupi kuliko uzi wenyewe mara mamia. Aliyewahi kushona kwa cherehani anaifahamu taabu ya uzi mrefu uliosokotana: ukiuvuta upande huu, unakaza upande wa pili. Bakteria hana budi kuufungua uzi wake kila anapotaka kuzaa, na kazi ya kuondoa msokotano huo hufanywa na kimeng'enya kiitwacho jairesi. Jairesi huukata uzi, hupitisha kipande kingine katika mwanya ule, kisha huuunga tena. Kwa kitambo kidogo uhai wa bakteria unakuwa umekatika, na ncha zake zote mbili zimeshikwa na jairesi. Ukikumbuke kitambo hicho.

Mbali ya uzi mkuu, bakteria wengi wana pete ndogo za DNA ziitwazo plasmidi. Bakteria anaweza kuishi bila ya pete hizo, na nyingine anaweza hata kumpa jirani yake nakala. Mwaka 1983 wataalamu wawili wa Kijapani, Teru Ogura na Sota Hiraga, walieleza jambo la ajabu kuhusu plasmidi iitwayo F: chembe za bakteria zilizoikosa zilishindwa kugawanyika na kuzaana kama kawaida. Kitu ambacho si cha lazima kwa maisha kilikuwa kimejifanya cha lazima.

Hila yake ni hii. Plasmidi hiyo hubeba jeni mbili zinazokaa jirani. Moja hutengeneza protini ya sumu, CcdB. Ya pili hutengeneza kiuasumu, CcdA, ambacho huikumbatia sumu na kuizuia isifanye lolote. Lakini umri wao si sawa. Sumu ni ngumu, hudumu. Kiuasumu ni dhaifu, huliwa upesi na kimeng'enya kingine cha bakteria, kwa hiyo lazima kitengenezwe upya kila wakati. Plasmidi ikiwapo, hakuna neno. Mtoto akizaliwa bila ya plasmidi, amerithi kutoka kwa mzazi akiba ya sumu na akiba ya kiuasumu, wala hana tena maagizo ya kutengeneza hata kimojawapo. Kiuasumu kinakwisha kwanza. Sumu iliyobaki inaiendea jairesi na kuinasa katika kitambo kile kile ambacho uzi umekatwa, isiweze kuuunga. Mitambo mingine ya chembe inayopita juu ya uzi inagonga pale, uzi unakatika kweli, na mtoto anakufa.

Basi ukitaka mfano wa kupe asiyeng'oka, ni plasmidi. Mgeni ameingia nyumbani, akatia sumu katika mtungi, akaiweka dawa yake mfukoni mwake mwenyewe. Nani atathubutu kumfukuza?

Haya yangekuwa mambo ya maabara tu, kama plasmidi zisingebeba mizigo mingine. Katika miaka ya 1950 Japani ilisumbuliwa na ugonjwa wa kuhara damu unaoletwa na bakteria wa Shigella. Mwaka 1955 walipatikana Shigella wasiosikia dawa nne kwa pamoja: salfa, streptomaisini, kloramfeniko na tetrasaikilini. Mwaka 1959 wataalamu wa huko walionyesha kwamba usugu huo wote huhama kwa mpigo mmoja, kutoka bakteria hadi bakteria. Aliyekuwa akiuchukua ni plasmidi. Mojawapo ya plasmidi hizo za Japani, iitwayo R100, iligunduliwa mwaka 1988 kuwa nayo ina jozi yake ya sumu na kiuasumu. Sumu ya jozi hiyo haigusi jairesi, bali huzikatakata nakala za RNA ambazo chembe hutumia kutengeneza protini.

Wengi hudhani kwamba dawa iliyochoka ikipumzishwa miaka michache itarudia nguvu zake, kwani bakteria watautupa mzigo wasiouhitaji. Pengine hutokea hivyo. Lakini bakteria anayeutupa mzigo wa namna hii huzaa watoto wafao, na wanaobaki kuzaana ni wale walioushika. Kwa hiyo vidonge vilivyobaki kabatini, anavyopewa mtoto kwa kila tumbo la kuhara, si jambo dogo: huwaua bakteria wanyonge wa tumboni na kuwaachia uwanja wenye plasmidi. Kuhara kwingi kwa watoto huhitaji maji ya chumvi na sukari kwanza. Kuhara damu ni kwa kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo.

Nasi wanadamu tumefika kwenye shabaha ile ile kwa njia yetu. Siprofloksasini, ambayo wengi huiita sipro, nayo huinasa jairesi ikiwa imeukata uzi, ijapokuwa huishika mahali tofauti na pale inaposhika CcdB.

Bakteria wa kifua kikuu naye ana jozi za namna hii nyingi mno, makumi kadhaa. Moja yake huandika juu ya DNA yenyewe: sumu iitwayo DarT hubandika kipande cha kemikali juu ya herufi T ya uzi, na kiuasumu chake, DarG, hukibandua. Mwaka 2020 watafiti walieleza kwamba walipompunguzia bakteria huyo DarG, uzi wake uliharibika, akafa kwa sumu yake mwenyewe. Na baadhi ya madawa yalimshinda kwa urahisi zaidi. Tangu hapo wako wanaotafuta kemikali ya kumnyang'anya bakteria kiuasumu chake. Bado haijafika katika duka lolote la dawa.