Jina Moja, Nyumba Mbili

Leo naongea na nyie mnaotengeneza programu za kompyuta, maana kuna kitu kinawaumbua mbele ya wateja na wala si uchawi.

Kila kompyuta ina jina la kujiita yenyewe: localhost. Ukiliandika, haitoki nje, inagonga mlango wake mwenyewe. Zamani jina hilo lilikuwa na anwani moja tu, 127.0.0.1. Lakini anwani hizo za IPv4 kwa jumla ni kama bilioni 4.3, na ghala kuu la dunia lilikauka Februari 2011. Ndiyo maana kuna IPv6, zenye anwani za kumwaga. Huko localhost ni ::1, nukta pacha mara mbili halafu moja, basi.

Sasa jamani, jina limekuwa kama mzee mwenye wake wawili. Programu yako imekaa kwa bi mkubwa, 127.0.0.1, inasubiri wageni. Mgeni anauliza njia, anaelekezwa kwa bi mdogo, ::1. Anabisha hodi, anajibiwa hayupo! Kumbe mzee yupo nyumba ya pili anakunywa chai.

Kwenye laptopu yako kila kitu bomba. Ukifika kwa mteja, mashine yake inaelekeza kwingine, programu inagoma, yeye anakuona msanii. Mshiko umeota mbawa.

Waulize waliokuwa wakitumia Node.js. Ilizoea kutanguliza IPv4. Toleo la 17, Oktoba 2021, likaanza kufuata mpangilio linaopewa na mashine. Kazi zilizokuwa zikienda jana zikaanza kulia ECONNREFUSED ::1. Toleo la 20, mwaka 2023, likaanza kujaribu nyumba zote mbili. Safi, ila si kila programu ina akili hiyo.

Kwenye Linux ukweli uko katika faili la /etc/hosts. Nyingine, hasa za zamani, ::1 zimeiita ip6-localhost tu, localhost imeachiwa IPv4 peke yake. Windows ndiyo kabisa, mistari hiyo imefungwa, jina linatatuliwa ndani kwa ndani.

Kuna mafundi wa kijiweni watakwambia futa mstari wa ::1, yaishe. Mimi siafiki. Utapona kwako, kwa mteja tatizo liko palepale. Andika mistari yote miwili, hivi:

127.0.0.1 localhost
::1 localhost

Halafu, na hapa wengi ndipo wanapochemsha, iambie programu yako isikilize kote kuwili. Ukiandika mistari bila kufanya hivyo, umempa bi mdogo mlango usio na mtu ndani.

Kabla hujapanda daladala kwenda kwa mteja, fungua http://127.0.0.1 kisha http://[::1], na namba ya poti yako mwishoni. Zote zikifunguka, nenda kadai chako. Wiki ijayo, poa?