Kabichi na Kuvu wa Udongoni

Malori ya kabichi yateremkayo kutoka Lushoto hadi Mombo yashuhudia bidii ya wakulima wa Usambara. Hata hivyo, kabichi ikipandwa msimu baada ya msimu katika shamba lilelile, yuko mshirika wa mkulima anayekufa njaa bila ya kuonekana.

Mshirika huyo ni kuvu aishiye katika mizizi ya mahindi, maharage na mimea mingine mingi. Ushirika wa namna hii ulipewa jina la mikoriza mwaka 1885 na Mjerumani Albert Bernhard Frank, aliyechunguza mizizi ya miti. Katika udongo mwekundu wenye asidi, chuma na alumini huishika fosforasi kwa nguvu, hata isisogee ila kidogo mno. Nyuzi za kuvu, nyembamba kuliko unywele, huifuata mahali pasipofikiwa na mzizi. Mmea nao hulipa kwa sukari. Kabichi haimo katika mapatano hayo.

Kwa hiyo si busara kuhimiza mbolea na kusahau mzunguko wa mazao. Kabichi ifuatwe na mahindi au maharage, kuvu wapate makao. Ni kweli kwamba kuvu hawaumbi fosforasi. Udongo uliochoka utahitaji mbolea, kama ile ya Minjingu. Lakini mbolea isiyofikishwa mzizini ni fedha iliyozikwa.

Walimu wasingoje maabara. Wanafunzi na wapande mahindi katika vitalu viwili, kimoja kilichotoka kabichi na kingine kilichotoka mahindi, kisha wapime wenyewe.