PEPO, JINI NA DEGEDEGE



Karibu kila kabila na kila dini ina jina la viumbe wasioonekana wanaoweza kumdhuru mtu. Sisi tuna pepo, mashetani na mizimu. Ethiopia na Sudani kuna zar, nao hupigiwa ngoma kama pepo wa pwani yetu.

Tazama jinsi mafundisho yanavyotofautiana. Waislamu wanafundishwa kuwa majini waliumbwa kwa moto. Wapo majini wema, na wapo waovu. Katika Kurani imo sura nzima iitwayo Sura ya Majini, nayo inaeleza kuwa baadhi yao waliisikia Kurani wakaamini. Kwa Wakristo hakuna pepo mchafu aliye mwema. Pepo wachafu ni watumishi wa Shetani, nao hufukuzwa kwa sala. Wazee wa pwani wana njia nyingine. Kwao pepo ana kabila lake, lugha yake na chakula chake. Hapigwi vita. Huulizwa anataka nini, akapigiwa ngoma, akapewa, akatulia. Pepo wa kibuki wa Unguja husemwa wametoka Bukini, yaani Madagaska.

Basi nani amesema kweli? Mimi sitaamua hapa. Imani ya mtu ni yake. Lakini liko jambo moja ambalo hatuwezi kuliacha kila mtu aamue apendavyo, kwa sababu linaua watoto. Jambo hilo ni degedege.

Unaijua degedege. Mtoto ana homa kali. Ghafla macho yanageuka, mikono na miguu inakakamaa, mwili unatetemeka. Wazee wengi walisema ni dege, mdudu au ndege wa kishetani apitaye usiku juu ya mtoto. Kwa hiyo mtoto alifukizwa moshi wa kinyesi cha tembo, au alipelekwa kwa mganga. Tena watu walionya: "Mtoto wa degedege asichomwe sindano, atakufa." Hata leo wapo wanaosema hivyo.

Tufikiri pamoja juu ya onyo hili. Mtoto anapata degedege asubuhi. Anafukizwa. Jioni anapelekwa kwa mganga. Kesho yake hali ni mbaya, ndipo anafikishwa hospitali. Anachomwa sindano, na baada ya muda mfupi anakufa. Watu wanasema sindano imemwua. Je, ni sindano, au ni siku nzima iliyopotea?

Mara nyingi degedege ya mtoto mwenye homa kali hutokana na malaria. Mwaka 1897, daktari Ronald Ross aligundua huko India kuwa vijidudu vya malaria hukaa ndani ya mbu. Vijidudu hivyo vikiingia katika damu ya mtoto huweza kudhuru hata ubongo. Ubongo ukidhurika, mwili unakakamaa. Homa ya uti wa mgongo nayo huleta hali kama hiyo. Magonjwa haya yana dawa, lakini hayasubiri. Mtoto anaweza kufa kwa siku moja.

Pia kuna kifafa. Huko Mahenge, mkoani Morogoro, watu waliamini kuwa mate ya mgonjwa wa kifafa yanaambukiza. Mgonjwa alikula peke yake. Akianguka motoni, watu waliogopa kumgusa, akaungua. Karibu mwaka 1960, daktari mmoja mzaliwa wa Norwei, Louise Jilek-Aall, alianza kuwatibu wagonjwa hao. Wengi waliomeza vidonge kila siku walipata nafuu. Povu la kifafa haliambukizi mtu. Wagiriki walishaandika zaidi ya miaka 2,000 iliyopita kuwa kifafa ni ugonjwa kama magonjwa mengine.

Huenda Mkristo akauliza: "Mbona katika Injili ya Marko, sura ya 9, Yesu alimponya kijana aliyeanguka motoni kwa kumkemea pepo?" Ni kweli imeandikwa hivyo. Lakini Biblia hiyo hiyo inamtaja Luka kuwa tabibu, na haimlaumu kwa kazi yake. Mwislamu naye akumbuke kuwa Mtume aliwahimiza watu watafute matibabu. Sala na dawa hazigombani.

Nayo ngoma ya pepo isidharauliwe. Mtu mwenye majonzi hukusanyiwa ndugu, akasikilizwa, akaimbiwa, akafarijika. Hilo ni jema. Lakini ngoma haiui vijidudu vya malaria.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Mtoto akishikwa na degedege, hospitali iwe ya kwanza. Mlaze kwa ubavu. Ondoa vitu vinavyoweza kumwumiza. Usimtie kijiko mdomoni. Usimnyweshe kitu. Usimfunge wala kumkandamiza. Mpeleke zahanati mara moja, hata ikiwa ametulia. Mwenye kutaka kumwombea amwombee njiani. Mwenye kifafa naye amezwe dawa kila siku, wala asiache bila kuambiwa na daktari. Tule naye sahani moja.

Baba, usiseme, "Tungoje kwanza bibi aje." Bibi atamkuta mjukuu wake zahanati. Nawe mganga, ukiletewa mtoto mwenye homa na degedege, waambie wazazi waende hospitali. Watu watakuheshimu zaidi kwa mtoto aliyepona.

Kama pepo wapo, watangoja. Malaria haingoji.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Katika kijiji chenu watu husema degedege inatokana na nini?
2. Kwa nini watu walidhani sindano inaua?
3. Mtoto akishikwa na degedege usiku, mtampelekaje zahanati? Pangeni sasa.