Ukuta wetu hauuzwi kwa magodoro

Wasee, leo sina video. Leo naandika, na najua nusu yenu mtasoma aya mbili mwende. Sawa, basi niseme mapema: Jumamosi hii kikundi chetu kinapiga kura kama tutapokea magodoro ya mheshimiwa mtarajiwa, na mimi nitasema la. Kuna wenye wamenikasirikia tayari. Wakasirike wakiwa wamesoma.

Kwa wenye hawajui: tuko na ukuta wa kukwea huku Kariobangi, nyuma ya karakana ya fundi wa vitanda. Si jimu ya vioo na muziki. Ni plaiwudi tatu za milimita 18 zilizolazwa moja juu ya nyingine kwa fremu ya mbao za sita kwa mbili, kisha zikainamishwa nyuzi 40. Hapo ndipo watu hucheka. "Futi kumi na mbili pekee?" Eeh, na kwa vile umeinama, kimo chenyewe kinabaki kama futi 9, ndiyo maana unaingia chini ya mabati. Lakini ning'inia hapo kwa vidole dakika moja halafu uje unicheke. Ukuta wa wima unaweza kuupanda kwa nguvu za miguu. Huu umekulalia. Unakuuliza vidole, tumbo na kiburi. Hata ile MoonBoard wakweaji wakali wa ng'ambo wanafanyia mazoezi huinamishwa nyuzi 40 hizo hizo.

Vishikio tunachonga wenyewe. Vipande vya mbao ngumu ambavyo fundi angetupa jikoni tunavikata, tunapiga msasa mpaka kingo ziwe duara, tunafunga na skrubu mbili ili kisizunguke ukikishika. Mbao ni rafiki ya ngozi kuliko plastiki ya dukani. Viatu? Wengi wetu tunakwea na raba nyembamba za mtumba, zimekaza vidole mpaka unakumbuka dhambi zako.

Tuko watu 14. Kila mtu soo tano kwa mwezi, jumla 7,000. Kodi na stima zinakula 5,000, zinazobaki ni za skrubu, chaki na kisanduku cha huduma ya kwanza. Watoto wa mtaa hawalipi, wanafagia. Kila Jumapili hesabu inabandikwa mlangoni, hata ikiwa ni aibu.

Sasa, kelele ninazopata. Ya kwanza: "Hiyo ni michezo ya wazungu." Kwani mgema wa mnazi kule Kilifi ni mzungu? Yule mzee anapanda mnazi asubuhi na jioni, anaweka mguu kwa ngazi alizochonga kwa shina, kibuyu kiunoni, na hakuna mtu amewahi kumrekodi kwa taratibu na muziki wa huzuni. Kisoi Munyao alipandisha bendera Mlima Kenya 1963 usiku wa uhuru. James Kagambi alifika kilele cha Everest Mei 2022 akiwa na zaidi ya miaka 60. Na Cheruiyot Kirui alipofia Everest Mei 2024, sote tuligeuka wataalamu wa oksijeni kwa siku tatu, tukabishana, tukaweka mishumaa, tukasahau. Swali langu lilikuwa dogo tu: mtoto wa huku akitaka kuanza, anaanzia wapi? Lukenya kuna miamba mizuri, lakini hesabu nauli, kamba, na mtu mwenye anajua kuishika hiyo kamba. Hell's Gate ni mbali zaidi na kuna kiingilio. Mtoto wa Kariobangi hawezi kwenda mazoezini Naivasha mara tatu kwa wiki. Ukuta unafaa ukae mahali anaweza kufika na miguu, akiwa ametoka shule, kabla giza liingie.

Kelele ya pili: "Tafuta sponsa." Hapa ndipo maneno yalipo.

Mwezi jana bwana mmoja mwenye anataka kiti cha wadi 2027 alitembelea ukuta. Alipiga picha akiwa ameshika kishikio cha kwanza kabisa, mguu bado uko chini. Akatusifu sana. Nyinyi mnajua mgema akisifiwa hufanya nini na tembo. Akaahidi magodoro kumi mazito, rangi, na mchango wa kodi. Masharti yake: jina lake ukutani, na "kamati mpya" yenye mtu wake ndani.

Nikiri kitu. Nilikuwa upande wake siku mbili nzima. Nilishaanza kupanga kontenti kichwani: kabla na baada, ukuta mpya, watazamaji kibao. Na sababu haikuwa tamaa pekee. Julai dada mmoja wetu alianguka kutoka kishikio cha juu, akatua katikati ya magodoro mawili ya nyumbani yaliyokuwa yameachana. Kifundo cha mguu kikavimba kama embe. Alikaa nje wiki tano. Mathe yake alinipigia simu na sikuwa na jibu, kwa sababu ni mimi nilikuwa zamu siku hiyo na sikuangalia ule mwanya. Kwa hivyo msiniambie sijui magodoro ni muhimu. Najua kuliko nyinyi.

Lakini fikirieni 2027 ikipita. Akishinda, ukuta ni wake. Akishindwa, magodoro yanarudi kwa gari usiku. Vyovyote vile, yule kijana anayefagia na kukwea bure ataulizwa mamake alipiga kura wapi. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo ikinilemea, na nilipanga laini za ofisi za watu wenye picha zao ukutani nikitafuta basari. Najua kusimama hapo kunavyohisi. Sitaki mtoto asimame hivyo ndio aguse mbao tulizochonga wenyewe.

Pendekezo langu ni hili, na si tamu. Leo tung'oe vishikio vya safu mbili za juu mpaka tuwe na sponji ya maana. Magodoro tuliyonayo tuyashone pamoja na turubai juu, mwanya usiwepo tena. Tuongeze mia mbili kila mtu kwa miezi minne, hiyo ni 11,200, tununue sponji nzito polepole. Na tujisajili rasmi. Sheria ya vikundi vya kijamii ya 2022 inataka watu kumi, sisi tuko 14, katiba tumeandika tangu Mei, imekaa tu kwa simu ya katibu. Katibu, unajijua.

Yule dada wa kifundo ameniambia atapiga kura ya kupokea. Ana haki kuliko sisi wote, na nitamsikiliza kwanza kabla sijafungua mdomo.

Jumamosi, saa nane, hapo kwa fundi. Mwenye hajalipa mwezi huu hapigi kura. Mimi nilikuwa na deni, nimetuma sasa hivi.