Fakture ya mradi ikikosa rapoti, mfanyakazi ndiye anayelala njaa

GOMA – Jumamosi saa tisa mchana, kwenye shantie nyingi za mji huu, mambo ni yale yale. Wasaidizi wa mafundi wamemaliza kunawa simenti mikononi. Wameketi juu ya mawe meusi ya volkano, wanangoja malipo ya juma. Kati yao wamo wahami: baba aliyetoka Masisi, kijana wa Rutshuru, mama aliyebeba mchanga kichwani tangu asubuhi. Patroni anafika, anatikisa kichwa, anasema neno ambalo wote wamekwisha kulizoea: "ONG haijalipa. Mvumilie."

Mara nyingi patroni huyo anasema kweli. Lakini aulizwe maswali matatu tu: fakture ilipelekwa siku gani, ilikuwa ya pesa ngapi, na imebaki ngapi. Wengi watajibu "karibu", "kama hivi", "nitaangalia nyumbani". Hapo inaonekana kwamba kuna magonjwa mawili. Moja ni pesa kukosekana. La pili ni kutojua ni pesa gani inayokosekana. La kwanza haliko mikononi mwa patroni peke yake. La pili liko mikononi mwake, na dawa yake ni kaye ya franga chache na nusu saa kila juma.

Mji unaoishi kwa miradi

Goma ni mji ambamo watu wengi wanakula kupitia miradi. Kuna anayejenga vyoo, anayeleta maji kwa lori, anayesafirisha mbao kwa chukudu, chama cha akina mama kinachoshona au kupika. Kazi hizo zote zina tabia moja: jasho linatangulia, pesa inafuata. Kwanza kazi ifanywe, kisha ipokelewe kwa karatasi yenye sahihi, kisha fakture ipelekwe, kisha mtu angoje. Kati ya jasho na pesa kuna majuma, pengine miezi. Katika kipindi hicho ni kumbukumbu ya maandishi tu inayomlinda aliyefanya kazi.

Mwezi wa Januari 2025 ulifundisha somo hilo kwa ukali. Tarehe 20 Januari, Rais Donald Trump wa Marekani alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na miradi mingi ikaambiwa isimame katikati ya kazi. Kabla mwezi haujaisha, AFC/M23 ikaingia Goma. Benki zikafunga milango. Februari, kambi za pembeni ya mji kama Bulengo na Lushagala zikawa tupu. Tarehe 1 Julai mwaka huo huo, USAID yenyewe ikafungwa rasmi.

Mtu aliyekuwa amejenga vyoo kambini akajikuta na kambi isiyo na watu, mradi uliosimama na benki iliyofungwa. Aliyekuwa na karatasi ya kupokea kazi iliyosainiwa, na kopi ya fakture yenye tarehe na muhuri wa aliyeipokea, alibaki na kitu cha kuweka mezani. Aliyekuwa na maneno ya simu tu, alibaki na maneno. Na nyuma ya kila mmoja wao kulikuwa na wafanyakazi ambao hawakuwa na karatasi yoyote.

Hesabu nne

Rapoti inayotakiwa hapa si kitabu kikubwa cha mhasibu. Ni ukurasa mmoja kwa kila mradi, wenye hesabu nne: kazi iliyokwisha kufanyika ni ya pesa ngapi, fakture zilizopelekwa ni za pesa ngapi, pesa iliyoingia ni ngapi, na wafanyakazi wanadai ngapi.

Chukua mfano wa fundi aliyekubaliana kujenga vyoo kwa dola 6,000. Mkataba unasema atalipwa 1,800 mwanzoni, 2,400 katikati, na 1,800 kazi ikimalizika. Leo amefika asilimia 80 ya kazi, yaani kazi ya dola 4,800. Fakture mbili zimekwenda, jumla 4,200. Pesa iliyoingia ni 1,800 tu. Wafanyakazi wanamdai 900.

Asiyeandika atasema, "Wananidai elfu tatu," kisha atakaa na huzuni. Mwenye rapoti ataona kwamba elfu tatu hizo ni vitu viwili tofauti. Dola 2,400 ni fakture iliyokwisha kupelekwa: hiyo inahitaji kufuatiliwa ofisini, kwa tarehe na namba yake. Dola 600 ni kazi iliyotoka mfukoni mwake lakini bado haijawa fakture: hiyo haiwezi kudaiwa leo, inahitaji kazi imalizwe na ipokelewe. Kupiga simu kila asubuhi kwa ajili ya 600 ni kupoteza yuniti. Kutopiga simu kwa ajili ya 2,400 ni kupoteza mali.

Na ataona jambo la tatu, ambalo ni zito zaidi. Siku 2,400 itakapoingia, 900 kati yake si yake. Asipoiandika mapema, ataichukua yote kununua simenti ya mradi mwingine, na Jumamosi itakayofuata atasema tena "mvumilie", wakati pesa ilikwisha kufika. Wapo wanaofanya hivyo kwa ujanja. Lakini wengi wanafanya kwa sababu pesa ya mradi huu, ya mradi ule na ya nyumbani zinalala katika simu moja.

Tarehe nayo iandikwe, na iwe ile ya siku fakture ilipokelewa ofisini, kwa kuwa ile iliyochapwa juu ya karatasi haionyeshi kwamba ilifika. Fakture ya siku 15 bado ni changa. Ya siku 45 inahitaji barua. Ya siku 90 inahitaji mtu aende mwenyewe, akae mlangoni, aulize nani anaishika. Deni likizeeka, mwenye kulijua anahamishwa kazi, mradi unafungwa, na ofisi inahamia mji mwingine.

Dola, franga na simu

Kuna mtego mwingine wa hapa kwetu. Mkataba ni wa dola, malipo pengine ni ya franga, na pesa inapita kwenye M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Fakture ilikuwa ya dola 500. Mkononi zimefika 485. Hizo 15 ni nini? Ni makato ya kutoa pesa? Ni tofauti ya kubadilisha? Au ni deni lililobaki? Kila moja ina mtu wake wa kulibeba. Rapoti nzuri inaandika safu mbili: pesa iliyodaiwa, na pesa iliyofika. Na pembeni inaandika bei ya dola ya siku ile. Tangu benki zifunge, dola hizo kumi na tano zimekuwa mkate wa watoto katika nyumba nyingi.

Robine nayo ina wateja

Jambo hili haliishii kwa mafundi. Robine ya jamii nayo ni kazi yenye wateja. Konteri ikionyesha kwamba leo zimepita kibiki 12 za maji, hizo ni lita 12,000, yaani bidoni 600 za lita 20. Kama bidoni ni franga 100, sanduku lingekuwa na franga 60,000. Likikutwa na 47,000, kuna bidoni 130 ambazo hazina habari.

Rapoti haisemi kwamba muuza maji ni mwizi. Pengine bomba linavuja. Pengine amewapa maji bure wazee, au amewakopesha familia za wahami zilizolala bila kitu. Huo ni utu, na hakuna anayetaka utu uishe Goma. Lakini utu uandikwe: bidoni 80 za mkopo, bidoni 30 za bure, 20 zimemwagika. Usipoandikwa, siku pampu ikiharibika komite itazunguka tena nyumba kwa nyumba kuomba mchango, na familia iliyolipa kila siku italipa mara ya pili kwa kosa lisilo lake. Rapoti ya mwezi ibandikwe pale pale kwenye robine, kwa Kiswahili. Mhami anayenunua bidoni mbili kwa siku ni mteja kama mwingine, na ana haki ya kuisoma.

Wanaopinga

Wapo wanaosema mambo haya ni ya watu waliosoma. Hawajaketi na akina mama wa AVEC. Mle ndani sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu, kila hisa inagongwa muhuri kwenye kitabu kidogo, na pesa inahesabiwa kwa sauti mbele ya wote. Wengi wao hawakumaliza shule ya msingi. Vyama vya MUSO navyo vimeishi miaka mingi kwa kaye na kalamu. Ikiwa muuza ndizi anaweza, patroni wa shantie anaweza.

Wengine wanasema ni mambo ya wazungu na ONG. Si kweli. Congo iliingia OHADA mwaka 2012, na sheria zake zinamtaka hata mfanyabiashara mdogo kabisa aandike kila siku pesa inayoingia na inayotoka, atenganishe ya mkononi na ya njia nyingine, na aihifadhi kaye hiyo miaka 5. Kwa hiyo hata mtu asiyewahi kushika kazi ya ONG, sheria inamwagiza kaye hiyo hiyo.

Wa tatu wana sababu ya kusikilizwa. Wanasema katika mji huu, kuonyesha hesabu ni kuwaita wezi usiku. Hofu hiyo ina msingi. Lakini rapoti ya madeni haisemi pesa iko wapi. Inasema nani hajalipa. Mezani pawekwe fakture zinazongojewa na deni la wafanyakazi. Pesa iliyoko simuni ibaki siri ya watu wawili au watatu wa chama. Kuwaambia wafanyakazi "tunangoja 2,400 iliyopelekwa tarehe fulani, na ninyi mtapata 900 za kwanza" hakumwonyeshi mwizi kitu chochote.

Na kaye moja haitoshi. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ilipowaka, lava ilimeza nyumba pamoja na karatasi zilizokuwamo, na siku tano baadaye sehemu kubwa ya mji ikaambiwa iondoke, watu wakakimbilia Sake, Rutshuru na Gisenyi na walichoweza kubeba. Mwaka 2002 lava ilipita katikati ya mji. Vita navyo vimefukuza watu mara ngapi? Kila Jumamosi ukurasa upigwe picha, na picha itumwe kwa ndugu aliyeko mbali. Simu ikipotea, karatasi iko. Karatasi ikiungua, picha iko Bukavu au Kampala.

Wanaolipa nao wahesabiwe

Haitakuwa haki kuwabebesha wadogo peke yao. Mashirika yanawaomba mafundi na vyama rapoti ya kila musumari. Ni vizuri. Basi nayo yarudishe rapoti moja fupi: fakture hii tuliipokea tarehe hii, imefika kwa nani, italipwa lini, na kama haitalipwa, kwa nini. Karatasi moja ukutani mwa ofisi, au ujumbe mmoja wa simu, ungemwondolea fundi safari kumi za moto. Na mradi ukifungwa ghafla, jambo la kwanza kuuliza lisiwe gari zinarudi wapi. Liwe hili: ni kazi gani iliyokwisha kufanywa na mikono ya watu wa hapa bila kulipwa?

Ni kweli, rapoti haileti pesa. Mwenye kulipa akikataa, kaye haitamlazimisha, na siku hizi njia ya tribinali Goma si nyepesi. Lakini rapoti inamzuia fundi kuchukua mradi wa tatu juu ya mgongo wa wafanyakazi wasiolipwa wa mradi wa kwanza. Inaonyesha mteja gani hulipa kwa siku 30 na yupi hungoja kusukumwa. Na siku mlango wa ofisi utakapofunguliwa tena, hapa au Kinshasa, mwenye tarehe, namba na muhuri ataitwa mbele ya mwenye hadithi.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa mhami anayebeba mchanga, mali hiyo ni unga wa jioni. Kwa hiyo Jumamosi hii, patroni akisema "ONG haijalipa", wafanyakazi wasigombane naye, wala wasiondoke kimya. Wamwulize kwa heshima: "Patroni, fakture ilikwenda lini, na sisi tumeandikwa ngapi?" Akifungua kaye akawaonyesha, wana haki ya kumvumilia. Asipokuwa na kaye, wamnunulie moja.